Hadiya na Upepo wa Mashariki

Ukimuuliza Hemed, mwuza matairi wa Bondeni mjini Nakuru, mkewe anafanya kazi gani, kwanza atakuna kidevu. "Anaunganisha kompyuta," atasema. Ukimuuliza zinaunganishwa na nini, atakujibu, "Na kompyuta zingine," kisha atayageuza mazungumzo yaelekee matairi, maana huko ndiko anakojiamini.

Hadiya mwenyewe hakasiriki. Anajua kazi yake ni ngumu kueleza kwenye meza ya chakula. Analinda lango. Lango hilo ni tovuti iitwayo Makutano, na makao yake ni chuo kimoja cha kilimo nje ya mji, upande wa Njoro. Mtafiti mwenye hesabu kubwa, ambayo kompyuta yake ya mezani ingehangaika nayo mwezi mzima, haanzi kuzunguka akibisha hodi kwa kila mwenye mashine kubwa. Anaingia Makutano na kuipanga kazi yake kama mtu anayepanga mapishi: hii iinjikwe kwanza, ikiiva imiminwe kwenye ile, na ile ikimaliza ichore ramani. Akishapanga anabonyeza, anakwenda zake kunywa chai. Nyuma ya ukurasa huo mmoja kuna mashine za Njoro, za Kisumu na za Morogoro kule Tanzania, kila moja ina lugha yake, wakubwa wake na vituko vyake. Hadiya ndiye anayehakikisha zinasikizana.

Kusikilizanisha ni kipaji alichozaliwa nacho. Babake, mzee Nasrudin, alikuwa fundi wa cherehani, mjukuu wa mtu aliyepanda kutoka Mombasa zamani za reli akaiona Nakuru na asirudi. Nyumba yao ilijaa mabinti, mashangazi na wapangaji, na katika zogo lile Hadiya alikuwa ndiye wa kutumwa: nenda ukamwambie fulani hivi, lakini usimwambie kwa hasira. Mpaka leo harusi ya ukoo ikiingia fitina, simu inapigwa kwake. Alipomaliza shule alipata kibarua kwenye saiba moja mjini, duka la intaneti, kazi ya kufagia na kuwasaidia wazee kufungua barua pepe, na hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyauliza. Barua ikitoka hapa inapita wapi? Mashine ya kule inajuaje kuisoma? Mwenye saiba alichoka kujibu, akamwambia, "Wewe dada, nenda chuo." Akaenda. Alisoma polepole, huku akifanya kazi na baadaye huku akilea, na sasa ana miaka arubaini na kitu, ana ofisi yenye dirisha linaloangalia mashamba, wala hamwonei mtu wivu.

Binadamu mmoja tu ndiye aliyemshinda kusikizana naye, naye alikuwa Khisa wa Kitale.

Khisa alikuwa msimamizi wa mashine katika kituo cha utafiti wa mito huko Kitale. Mashine zake zilikuwa na nguvu kuliko zote za ukanda huu. Zaidi ya hayo, kituo chake kilikuwa na programu moja hodari sana ya kufuatilia vitu vinavyosafiri: ukiipa mahali kitu kilipoanzia na mkondo unaokisukuma, inakwambia kitafika wapi na lini. Iliandikwa kwa ajili ya takataka za mtoni, lakini Bethwel aliona inaweza kufanya kazi kubwa zaidi.

Bethwel alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya ngano pale chuoni, kijana mrefu wa Mau Narok asiyetulia kitini. Adui yake alikuwa kutu ya ngano, ule ugonjwa unaopaka majani rangi ya machungwa na kuacha suke likiwa tupu. Vumbi lake husafirishwa na upepo kutoka shamba hadi shamba, kutoka kaunti hadi kaunti. Bethwel aliwaza: tukichukua habari za upepo kutoka kwa mashine za Njoro, tukazipitisha kwenye programu ya Kitale, tutajua kutu inakwenda wapi kabla haijafika. Mkulima atapiga dawa kwa wakati.

Walijaribu, miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia. Hadiya alizifunga mashine za Kitale kwenye lango, kazi ikapita kutoka hatua hadi hatua bila kukwama, na mwishoni ramani ikatoka. Ramani hiyo ilionyesha kutu ikiruka kutoka Mau, ikivuka bonde, ikiteremka moja kwa moja kwenye kambi ya wanajeshi ya Gilgil.

"Wanajeshi wamepanda ngano?" Bethwel aliuliza.

Huku nje, kutu ya kweli ilikuwa imekwenda upande mwingine kabisa, kule chini kuelekea Narok. Hadiya alimwandikia Khisa barua pepe kwamba programu yake ina kasoro. Khisa akajibu kwamba programu yake imetumika miaka kumi bila lawama, na kwamba habari alizoletewa ndizo mbovu. Hadiya akajibu. Khisa akajibu. Kila barua ilikuwa na adabu kuliko iliyotangulia, na kila moja ilikuwa baridi zaidi, mpaka siku moja mashine za Kitale zikafungwa kwa watu wa nje. Barua ya mwisho ya Khisa ilisema: *Ndugu Nasrudin, tafadhali tatua matatizo ya nyumbani kwako kwanza.*

Kila baada ya muda Hadiya alimwandikia tena, asijibiwe, na mambo yakakaa hivyo. Hadiya alipoulizwa kwa nini Kitale haimo kwenye orodha ya Makutano alisema, "Wana shughuli zao," akabadilisha mada.

Mwaka huu, ngano ya Mau Narok ikiwa ndiyo inatoa masuke, Bethwel aliingia ofisini kwake bila kubisha.

"Madam, imeonekana tena. Mashamba ya chini, mpakani na Narok. Wakulima wa juu wananiuliza wanyunyize dawa ama wangoje. Nikiwaambia wanyunyize na isije, nitakuwa nimewatia hasara. Nikiwaambia wangoje na ije..." Hakumaliza. "Tunahitaji Kitale."

"Kitale wamefunga mlango, Bethwel."

"Si ubishe?"

"Nimebisha miaka miwili."

"Umebisha kwa barua," Bethwel alisema. "Umewahi kumpigia simu?"

Hadiya alitikisa kichwa. Hakuwa amewahi. Bethwel alipotoka, Hadiya alikaa akiitazama simu, akajiona kama msichana anayetaka kuomba ruhusa. Kisha akapiga.

Sauti iliyoitika haikuwa ile aliyoizoea kichwani mwake. Ilikuwa ya mzee mpole, nzito kidogo, kama ya mtu anayeongoza wimbo kanisani.

"Mzee Khisa, habari ya kazi. Hapa ni Nakuru. Mimi ni Hadiya Nasrudin, wa Makutano."

"Nasrudin?" mzee akasema. "Yule wa barua?"

"Ndiye mimi."

"Wewe ni mama?"

"Mimi ni mama, ndiyo."

Khisa akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu ambaye hakutarajia kucheka siku hiyo. "Kumbe! Sasa ile miaka yote nilikuwa nagombana na H. Nasrudin, nikaona ni mwanaume mmoja mkali sana, mwenye ndevu, anaketi peke yake kwa ofisi giza. Nilikuwa nakuogopa, mama!"

Hadiya naye akacheka, maana yeye pia alikuwa amejitengenezea Khisa wake, mwembamba, mwenye miwani na kisirani. Walipotulia akamweleza habari ya kutu. Hakutaja mambo ya nani alikosea. Khisa alisikiliza, akauliza swali moja au mawili, kisha akasema kitu ambacho Hadiya hakukitegemea.

"Mimi ni mtu wa mto. Hiyo kutu sijawahi kuiona na macho. Wacha nije mnionyeshe, alafu tuongee mambo ya mashine."

Akaja wiki hiyo hiyo, mzee mnene mwenye kofia ya manyoya, na zawadi ya ndizi mbivu kutoka kwake. Bethwel aliwachukua kwa pikapu ya chuo, wakapita Njoro wakapanda mpaka hewa ikawa nyembamba na baridi, na ngano ikafunguka pande zote mbili za barabara kama blanketi lililotandazwa na mtu mwenye mikono mirefu.

Shamba walilokwenda lilikuwa la Cheruto, shangazi yake Bethwel. Alikuwa mama wa makamo, mwenye gamubuti za mpira na sweta mbili, na aliwapokea kwa "Chamgei" ya furaha, salamu ya Kikalenjin. Ngano yake ilikuwa bado safi. Ila Bethwel alikuwa amekusanya majani kutoka mashamba ya chini, akayatoa kwenye mfuko wa karatasi, akampa Khisa. Mzee akapitisha kidole juu ya jani. Kidole kikatoka na unga wa rangi ya machungwa.

"Hii ndiyo inaruka?"

"Hiyo ndiyo inaruka," Bethwel alisema. "Hapo kwa kidole chako kuna ya kutosha kuharibu shamba hili."

Khisa akajifuta haraka kwa leso, akaikunja leso na kuirudisha kwenye mfuko wa karatasi pamoja na majani, kwa uangalifu, kama mtu anayemrudisha nyoka kikapuni. Cheruto akamshukuru kwa hilo.

Wakasimama ukingoni mwa shamba, nyuso zikiwa zimeelekea bonde la Narok kule magharibi. Upepo ulikuwa unawapiga usoni, kofia ya Khisa ikataka kuruka akaishika.

"Na leo ni mbaya," Khisa alisema. "Upepo wa mashariki."

"Wa magharibi," Hadiya alisema.

"Hapana, mama. Mashariki."

"Mzee Khisa, magharibi ni hapo mbele yetu. Upepo unatupiga usoni. Huu ni upepo wa magharibi."

"Haya, unatupiga usoni, si ndiyo? Ukitupita unaenda wapi?" Khisa aliinua mkono akaonyesha nyuma yao, kuelekea Gilgil. "Unaenda mashariki. Upepo wa mashariki."

"Lakini unatoka magharibi!" Hadiya naye aliinua mkono, akaonyesha mbele.

Wakabaki hivyo, mmoja kanyoosha mkono mbele, mwingine kanyoosha nyuma, kama watu wawili wanaomwelekeza mgeni barabara mbili tofauti. Cheruto aliwatazama huyu na yule, akaangua kicheko. "Nyinyi mnaongea upepo mmoja," alisema.

Hadiya ndiye aliyeushusha mkono kwanza. "Mzee Khisa," akasema polepole, "ile programu yako. Ukiiambia mkondo ni wa mashariki, inaelewa nini?"

"Maji yanaenda mashariki. Sisi watu wa mto tunahesabu mahali maji yanaenda. Nani anajali yametoka wapi?"

"Watu wa hali ya hewa wanajali. Kwao upepo unaitwa kwa mahali unapotoka. Ule mwaka tulikuletea upepo wa mashariki, maana yake unatoka Gilgil kwenda Narok. Mashine yako ikausoma kama unakwenda..."

"Gilgil," Khisa akamalizia.

Bethwel akatoa mluzi, akazunguka mara mbili pale pale alipokuwa amesimama, asijue afanye nini na miguu yake.

Khisa hakucheka mara hii. Alivua kofia. "Bethwel, mwaka ule kule chini watu walivuna?"

"Wengine walivuna majani makavu, mzee. Kuna jirani aliachana na ngano kabisa, akapanda viazi."

"Na tulikuwa na jibu," Khisa alisema. "Limegeuka tu uso." Akatazama bonde kwa muda, upepo ukipeperusha nywele zake chache nyeupe. Lile lililomuuma mzee lilikuwa linamuuma Hadiya pia. Ni Cheruto aliyewatoa hapo. Alisema chai imeiva, na kwamba hakuna kutu iliyowahi kuzuiliwa na watu wenye njaa.

Baada ya viazi vya kuchemsha na mursik, maziwa yaliyochachushwa kibuyuni, ambayo Khisa aliyasifu na Hadiya akayanywa kwa heshima tu, walipanda kilima nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali pekee ambapo simu zilishika mtandao vizuri. Hadiya alikaa juu ya jiwe, kompyuta mapajani. Khisa alipiga simu kituoni kwake, akawaambia vijana wake wawafungulie Nakuru mlango. Hadiya akaingia Makutano na kuongeza hatua moja ndogo katikati ya zile za zamani. Haikuwa na kazi nyingine ila kupokea upepo kutoka Njoro, kuugeuza uso, na kuupeleka Kitale. Mistari michache tu, wala haikumchukua muda kuandika.

"Tuanze na ule mwaka," Khisa alisema. "Kabla ya kuamini."

Wakatuma kazi ya miaka miwili iliyopita. Wakangoja. Ng'ombe walipita chini yao kwenda kunywa maji, Bethwel akashuka, akapanda, akashuka tena. Kisha ramani ikafunguka kwenye kioo, na lile doa jekundu likaanza kutambaa. Halikwenda Gilgil. Liliteremka magharibi, likasambaa juu ya mashamba ya chini, shamba baada ya shamba, kama vile ilivyotokea kweli.

"Ndiyo hiyo," Bethwel alisema kwa sauti ndogo. "Ndivyo ilivyokuwa."

Khisa akanyoosha mkono, Hadiya akaupokea. Hawakusema pole wala samahani. Mzee alisema tu, "Sasa tulete ya mwaka huu."

Ya mwaka huu ilisema upepo utakaa magharibi kwa majuma kadhaa, na kwamba kutu itapanda kutoka mashamba ya chini na kugusa ukingo wa juu wote, shamba la Cheruto likiwamo. Bethwel hakuikalia habari hiyo. Aliituma kwa simu za wakulima, akaisema redioni kwa Kikalenjin, akasimama kanisani Jumapili baada ya matangazo ya harambee akaisema tena. Mabomba ya dawa yakatoka ghalani. Wako waliopuuza, na mashamba yao yalionekana kwa mbali kwa ile rangi ya machungwa. Pia iko sehemu moja ambayo ramani ilisema itapigwa na haikupigwa; mwenye shamba hilo, mzee Kiprugut, alikuja mpaka chuoni kumgombeza Bethwel juu ya dawa aliyonyunyiza bure. Bethwel alisimama akapokea maneno yote. Kisha akamketisha, akamwonyesha ramani, wakaangalia pamoja ile pembe ambayo kilima kidogo kiliukinga upepo na mashine haikujua. Kiprugut aliondoka akinung'unika, lakini akaacha namba yake ya simu, aambiwe na mwaka ujao.

Cheruto alivuna. Kombaini, ile mashine ya kuvuna, ilipoingia shambani kwake alimwita Hadiya aje, naye akamchukua Hemed. Hemed alitazama ngano ikimiminika kwenye lori, akamtazama mkewe akikumbatiwa na mama asiyemjua, mwenye gamubuti, aliyekuwa anamwita "mama wa upepo." Njiani kurudi alipunguza mwendo akamgeukia mkewe.

"Kumbe ndiyo hiyo kazi yako," alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Ni kazi nzuri," Hemed alisema, na Hadiya akageuka kutazama dirishani, maana hakutaka aone jinsi alivyotabasamu.

Tangu hapo mlango wa Kitale haujafungwa. Watu wa Khisa nao wameonja: mvua za masika zilipokuja walituma hesabu za mafuriko ya mito yao kupitia Makutano, nusu zikapigiwa Njoro na nusu Morogoro, wakapata majibu mapema kuliko walivyowahi kupata. Hadiya naye ameweka sheria mpya langoni. Anayeleta hesabu lazima aeleze kila kipimo kinamaanisha nini kwake. Joto la hewa au la udongo? Mvua ya siku inahesabiwa kuanzia asubuhi au usiku wa manane? Upepo unatoka au unakwenda? Watafiti wanalalamika kwamba Makutano ina maswali mengi kama mama mkwe. Wanajibu, hata hivyo.

Na kwa kuwa aliona simu moja imefanya kazi iliyoshinda barua za miaka miwili, Hadiya aliwaomba wasimamizi wote wa mashine waje Nakuru waonane uso kwa uso. Walikutana katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni Milimani, chini ya miti mikubwa. Walikuja wa Kisumu, akaja Khisa na kofia yake, akaja pia mama mmoja wa Morogoro mwenye Kiswahili kilichonyooka hata wenyeji wakaona haya kufungua vinywa. Asubuhi kila mtu alikaa na wa kwao. Dadake Hadiya alileta pilau mchana, na baada ya pilau hakuna aliyekumbuka alikuwa amekaa wapi.

Mama wa Morogoro alitaka kujua kwa nini Wakenya husema "waru" wakati viazi vina jina. Khisa akamwambia hata hizo waru kwa Wabukusu wenzake zina jina lingine. Mtu wa Kisumu akadai kwamba kompyuta zake "zinalala" kila Jumamosi, na ikachukua muda mrefu, na michoro miwili kwenye karatasi ya kupangusia mikono, kabla wengine hawajaelewa kwamba kwake kulala si kuzimwa bali ni kupokea kazi ndogo ndogo tu. "Kumbe!" wakasema wote pamoja. Kazi kubwa zilizokuwa zikirudishwa kila mwisho wa juma sasa zilikuwa na sababu.

Hadiya aliketi nyasini, mgongo kwenye mti, sahani tupu pembeni. Alipaswa kuwaita warudi ndani. Ratiba ya alasiri ilikuwa imeanza kuchelewa. Khisa alikuwa anamwonyesha mama wa Morogoro kwa mikono miwili namna mto Nzoia unavyojikunja, na yule mama alikuwa anamkatiza kuuliza juu ni upande upi. Hadiya akajimiminia chai kikombe kingine na kuwaacha waendelee.